Kuongoza timu iliyotawanyika duniani ukiwa Mtwara

Wiki iliyopita mdogo wangu wa Chikongola alikabidhiwa timu: wawili London, mmoja New York, mmoja India, na yeye hapa. Alifika kwangu na kompyuta kwapani, hata kukaa hajakaa: "Kaka, naanzia wapi?" Nikamwandikia haya.

1. Waraka mmoja wa maamuzi. Jambo, tarehe, jina la mwenye kazi. Basi.

2. Saa. Hapa ndipo nilipoumia. Niliwahi kumwandikia mtu wa London kwa Kiingereza kwamba tukutane saa 3, kumbe kichwani nina saa tatu yetu ya asubuhi. Nikakaa mbele ya kamera peke yangu hadi chai ikapoa. Wao wakaingia saa 9 alasiri ya kwao, huku ni saa kumi na mbili jioni, mimi niko sokoni nachagua samaki aina ya changu na simu inalia mfukoni. Tangu siku hiyo naandika "09:00 Dar es Salaam", tarakimu nne na mji. Saa tatu ya Kiswahili ibaki kwa Waswahili wenzako.

Halafu kuna majira. Sisi hatugusi saa mwaka mzima, ila London na New York husogeza saa zao mbele kwa saa moja kiangazi chao, kisha huzirudisha. London wako nyuma yetu kwa saa 3, ila kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba ni saa 2. New York ni 8, kisha 7, lakini wao huanza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo Machi kuna wiki mbili hivi, wakati mwingine tatu, ambazo hesabu uliyoizoea inakusaliti. India wako mbele kwa saa 2 na nusu, na hawabadilishi.

Kilichonila mchana kutwa ni hiki: kikao cha kila wiki hufuata mji uliowekwa kwenye kalenda siku kilipotengenezwa. Changu kiliwekwa kwa saa za London. Machi ilipoisha kikasogea huku saa nzima mapema, nami nikidhani kompyuta imeharibika, nikawa nafuta na kuweka upya programu bure. Ukishaweka kikao, ruka kwenye kalenda hadi Aprili, kisha Novemba, uone kinaangukia wapi. Fanya hivyo hata kama unajiamini. Mimi napenda 17:00 ya Dar es Salaam: wakati wa baridi yao New York ni 09:00, London 14:00, India 19:30.

3. Salamu na mzigo pamoja. Kwetu huanzi neno bila salamu. Lakini ukiandika "Habari za asubuhi?" ukanyamaza, wa New York amelala; atajibu "nzuri" jioni yako, ndipo uulize swali. Salimia, na swali liwe kwenye ujumbe huohuo. Na "sawa" isikudanganye, maana kwetu mara nyingi ni "nimesikia" tu. Mimi huuliza: "Utaanza lini?"

4. Mtandao ukikatika. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilipokatika, laini zangu mbili zilisuasua zote. Taja mapema nani ataendesha kikao usipoonekana kwa dakika 10.

5. Ujumbe wa sauti. Siupokei. Dakika saba za mtu anayetembea barabarani na bodaboda zinapita, utaitafutaje humo tarehe aliyoisema?