Somo: Kuingiza kikundi chenu kwenye tuzo za maendeleo ya jamii bila kujiharibia

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara sita, kwa hivyo naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaonunua mpunga, kuukausha, kuukoboa na kuuza mchele upande wa Ahero, Kisumu, hapa Kenya, na nimesaidia vikundi vingine kujaza fomu hizi, kuanzia Nyando mpaka Njoro.

Hatua ya 1. Jua tuzo ni ya nani. Equator Prize ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iliyoanza 2002, ni ya vikundi vya mashinani vinavyotafuta riziki huku vikilinda mazingira. Jirani zetu wa Kakamega, Muliru Farmers Conservation Group, waliipata 2010. Walipanda mmea wa dawa uitwao mwonyi mashambani mwao, mafuta yake yakatengenezewa dawa ya kupaka iitwayo Naturub, na watu wakapata kipato bila kuumaliza msitu. Mikoko Pamoja wa Gazi, Kwale, waliipata 2017. Tuzo za International Economic Development Council, wenye makao Washington, zinalenga mashirika na idara za maendeleo ya uchumi; hizo waachieni watu wa kaunti. Siku ya Ushirika, Jumamosi ya kwanza ya Julai, hutuzwa vyama vya ushirika. Kama cheti chenu ni cha kikundi cha jamii, hamumo.

Hatua ya 2. Angalia kama cheti cha usajili kimeisha muda.

Hatua ya 3. Katiba, kumbukumbu za mikutano, taarifa za benki na za M-Pesa: weka zote ndani ya faili moja.

Hatua ya 4. Hesabu. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hivyo soma polepole. Mara ya kwanza tulipojaribu, mfuko wetu wa kukopeshana ulikuwa Sh240,000. Tulikuwa tukikopeshana kwa miezi mitatu, pesa zinarudi, zinatoka tena. Usiku mmoja nikajumlisha mikopo yote ya mwaka, nikapata Sh960,000, nikaandika: "Kikundi kimewekeza Sh960,000 katika jamii." Wanachama 28, waliokopa mara nne kila mmoja, nikawageuza wanufaika 112. Sikukusudia kudanganya, niliona kila mkopo umefanya kazi yake. Lakini waamuzi walipokuja kutukagua, mmoja aliomba kitabu cha benki, akaiona ile 240,000, akamuuliza mweka hazina wetu pesa nyingine ziko wapi. Mama yule hajawahi kukosea hata shilingi kumi katika hesabu zake. Alisimama mbele ya wageni akitetemeka kama mtu aliyefumaniwa, kwa kosa la kalamu yangu. Tukaondolewa. Ilinichukua mwezi mzima kwenda nyumba hadi nyumba nikieleza kwamba hakuna pesa iliyoibwa, na mpaka leo akiniona nimeshika fomu huomba asome kwanza.

Kwa hivyo tenganisha mfuko, yaani pesa mlizo nazo, na mzunguko, yaani mikopo yote iliyotoka mwaka huo. Watu wahesabu kwa vichwa. Ningeandika "Mfuko wa Sh240,000 umezunguka mara nne ndani ya mwaka na kurudi wote, kwa wanachama 28", tungekuwa na sifa kubwa kuliko ule uongo. Mwamuzi anayeijua kazi hii akiona pesa ndogo inazunguka hivyo, anajua hapo kuna nidhamu.

Tahadhari zake:
- Usihesabu watoto na wakwe wa mwanachama kama wanufaika bila kusema hivyo waziwazi.
- Kama kaunti au mfadhili ndiye aliyewapa mashine, mtaje. Sifa yenu ni kwamba mashine bado inafanya kazi.
- Andika hali ya mwanzo. Gunia la mpunga dalali alikuwa analichukua kwa bei gani kabla hamjaungana? Bila hiyo, bei ya leo haimwambii mwamuzi chochote.

Hatua ya 5. Simulia maisha ya mtu mmoja, na kwa idhini yake ya maandishi. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hata isingekuwepo, deni la mtu si la kutangazwa. Picha ya mtoto ni mpaka mzazi akubali.

Hatua ya 6. Soma fomu yote kwa sauti mbele ya kikundi, kwa lugha wanayoielewa. Mweka hazina awepo.

Hatua ya 7. Tuma siku tatu kabla ya mwisho. Stima hupotea.

MASWALI

Kijana wa Molo: Tuma fomu hapa basi. Kikundi chetu kina miezi minne, tunataka hiyo ya Equator.

Katibu wa Ahero: Kila tuzo ina fomu yake kwenye tovuti yake. Equator wanataka kikundi kilichofanya kazi miaka mitatu au zaidi. Anzeni kuandika kumbukumbu sasa.

Mama Viazi, Njoro: Dada, asante. Sisi tunauza viazi pamoja tangu 2021. Zamani kila mtu alijiuzia kwa dalali na hatukuandika hali ya mwanzo. Naweza kuipata bila kubuni?

Katibu wa Ahero: Unaweza, mama, na nimefurahi umeuliza. Tafuta risiti na jumbe za malipo za wakati ule. Kisha uliza wanachama mmoja mmoja, kabla hawajakaa pamoja wakaanza kukubaliana, na kwenye fomu useme ni kwa kumbukumbu za wanachama, kuanzia bei fulani hadi fulani. Lakini kwenu kuna mtego: lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Kanuni za viazi za 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Kama zamani mliuza lumbesa na sasa mnauza kilo 50, bei ya gunia itaonekana imeshuka hata kama mkulima anapata zaidi. Geuza kila kitu kiwe bei ya kilo.

Mjuzi wa Nakuru: Waamuzi hawajui chochote. Ongezeni kidogo, kila mtu hufanya hivyo.

Katibu wa Ahero: Soma Hatua ya 4. Si wewe utakayesimama pale na kitabu cha benki.

Fundi wa Kondele: Tumeandikiwa kwamba tumeshinda tuzo ya ubora, tulipie meza ya sherehe Sh45,000. Hatukuwa tumeomba.

Katibu wa Ahero: Msilipe. Kuna tuzo za kweli zinazotoza ada ya kuingia, lakini ada hiyo hutangazwa mapema kwa wote, kabla ya mtu yeyote kuhukumiwa. Kuambiwa umeshinda mashindano ambayo hukuingia, kisha ulipe, ni biashara ya kuuza vikombe.

Fundi wa Kondele: Nashukuru. Na mtu mmoja je? Kuna mama hapa aliyefundisha vijana wengi kuchomelea.

Katibu wa Ahero: Huyo mpendekezeni kwa nishani za taifa, kama HSC, yaani Pongezi za Mkuu wa Nchi (Head of State's Commendation). Ziko chini ya sheria ya 2013, na orodha hutoka wakati wa Jamhuri, Desemba 12. Andikeni majina ya vijana wenye karakana zao leo, kila mmoja na mahali alipo. Hiyo ndiyo hoja yenu.

Mama Viazi, Njoro: Dada, nimeanza. Nimeuliza wanne, wawili bado wana daftari za wakati ule. Mmoja aliandika hadi uzito.

Katibu wa Ahero: Huyo wa uzito, piga picha kurasa zake leo hii kabla mvua haijafika kwenye hilo daftari. Na umuulize alipima kwa mizani ya nani.