Namna ya kupanga ratiba ya stesheni ya video za muziki hapa Unguja

Ukikabidhiwa ratiba ya stesheni ya kebo inayorusha video za muziki, usianze na nyimbo, anza na saa. Chukua daftari uandike nani yuko mbele ya televisheni mjini saa tatu asubuhi, nani saa nane mchana, nani baada ya isha. Asubuhi ni saluni za Mlandege na Darajani, na akina mama waliokwisha kuwatoa watoto kwenda skuli. Jioni ni vijana. Usiku nyumba nzima imekaa pamoja, babu na mjukuu wake, na hapo huwezi kuweka video ambayo baba atainuka kwenda kuizima. Hii ndiyo kazi yangu na naipenda, kwa hivyo nakueleza kama ninavyomweleza kijana anayekaa pembeni yangu kujifunza.

Cha kwanza kuingia kwenye ratiba ni adhana. Magharibi hapa kwetu haikai pahala pamoja mwaka mzima: kuna miezi inaingia saa kumi na mbili na robo hivi, na kuna miezi inakaribia saa moja kasorobo. Basi fuata kalenda ya sala, usiandike saa moja ukaiacha hivyo hivyo. Dakika tano kabla ya adhana usianzishe wimbo. Jaza kwa vipande vifupi vya nusu dakika au dakika moja, picha za bandarini, za Forodhani, za mashamba ya karafuu Pemba, ili adhana ikute nafasi iko wazi. Wimbo ukikatwa katikati, aliyekuwa akiusikiliza anaudhika, na anayengojea adhana anaona hukumheshimu.

Ramadhani panga mapema zaidi. Kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi au kumi na moja, na wafanyabiashara wanataka kujua tangazo lao la tende litakaa wapi kabla hata Shaabani haijaandama. Mchana weka kasida na mawaidha. Video za kucheza ngoma ziweke kando mpaka Idi.

Sasa nyimbo. Saa moja si dakika 60 za muziki. Toa dakika 10 za matangazo ya biashara, dakika 2 za nembo ya stesheni, dakika 4 za mtangazaji. Zimebaki 44. Video ya bongo fleva au zenji fleva ni dakika tatu au nne, lakini taarab ya kisasa inafika dakika kumi na mbili bila taabu. Ukiweka taarab mbili, umebakiwa na dakika 20, yaani nyimbo tano za vijana. Vijana watakwambia taarab inakula nafasi, uikate. Usikubali! Sikiliza vizuri taarab ilivyojengwa: ala zinaingia taratibu, ubeti wa kwanza unaweka maneno mezani, wa pili unazunguka, na kijembe chenyewe mara nyingi kinatua kwenye ubeti wa mwisho. Ukumbini hapo ndipo mtu anapoinuka na noti yake mkononi kwenda kutunza, kwa sababu ubeti umemsemea la moyoni. Ukikata kwenye ubeti wa tatu, umemnyima mtazamaji kile kile alichokaa kukingojea. Iweke saa nne asubuhi, chungu kiko jikoni na mtu ana nafasi ya kusikiliza mpaka mwisho. Na usiisahau taarab asilia. Mji uliozaa kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa mwaka 1905 haustahili stesheni inayoanza historia yake kwa wimbo wa juzi.

Kisha kuna siku mwenye stesheni atakuja kukwambia video hazilipi, anataka tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Hapo uwe na jibu. Mweleze habari ya MTV, stesheni ya video za muziki. Ilianza Marekani tarehe 1 Agosti 1981, video baada ya video, na watangazaji vijana katikati. Tatizo likawa moja: anayetazama video huondoka ukija wimbo asioupenda, na wimbo mpya unakuja kila baada ya dakika nne. Kwanza walilitatua vizuri. Waliupa kila muziki kipindi chake chenye jina na saa yake: 120 Minutes ya roki mbadala mwaka 1986, Headbangers Ball ya roki nzito mwaka 1987, Yo! MTV Raps ya rap mwaka 1988, na hicho cha mwisho kiliifikisha rap kwenye nyumba ambazo hazijawahi kuisikia. Halafu mwaka 1992 ikaja The Real World, vijana wanaishi nyumba moja na kamera zinawafuata. Mtu anakaa nusu saa nzima. Vipindi vya namna hiyo vikazidi, video zikasukumwa usiku wa manane, na mwaka 1996 ikabidi wafungue stesheni ya pili ya kurusha video. Mwaka 2010 maneno ya kusema kuwa hii ni televisheni ya muziki yakaondolewa kwenye nembo.

Mimi nasimama na dawa ya kwanza. Video ikirushwa ovyo haina mwenyewe, lakini ikiwa na kipindi chenye jina, siku na mtangazaji anayeyajua anayoyasema, mtu atarudi Alhamisi ijayo. Kama tamthilia haina budi, ipe saa moja tu, na kipindi cha muziki ulichokitoa pale kihamishie saa nyingine siku hiyo hiyo. Tangaza mabadiliko wiki mbili kabla, asubuhi na usiku, kwa sauti na kwa maandishi. Usibadilishe vipindi viwili kwa mkupuo, hutajua kipi kimewafukuza watu.

Picha na sauti nitazisema kwa ufupi. Rikodi za zamani zimepigwa kwa umbo la 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu, na televisheni za leo ni 16:9, pana zaidi. Usizivute zikajaa kioo. Nimeona Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, amevutwa mpaka uso wake haujulikani, na yule mama alistahili heshima kubwa kuliko hiyo. Acha weusi pembeni mwa picha. Sauti zote zipime kwa kiwango kimoja kabla hazijaingia kwenye mashine. Watangazaji wa Ulaya wanatumia hasi 23 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika, nawe ukishachagua chako usikiache, maana mtu akilazimika kushika rimoti kila wimbo ukibadilika, atahama.

Video yoyote mpya, hakikisha haki zake zimeshughulikiwa COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na kama una shaka na maneno au mavazi, waulize BASSFU, baraza la sanaa na sensa ya filamu la Zanzibar, kabla hujairusha.

Mwisho, umeme. Mashine ya kurushia iwekwe ifuate saa ya ukutani, isiendelee na orodha pale ilipokatikia. Umeme ukirudi baada ya dakika arobaini na orodha ikaendelea ilipoishia, kila kitu kimechelewa kwa dakika arobaini, adhana ikiwemo.