Jinsi ya kuandika taarifa ya shule kwa wazazi ikasomwa mpaka mwisho

Walimu wenzangu, na nyie makatibu wa kamati za wazazi, hii ni kwa yule ambaye mkuu wa shule kamwambia tu kwenye kikao "wewe ndo utakuwa unatuandalia taarifa ya mwezi kwa wazazi", basi, hakuna semina wala mfano wa kuangalizia. Mi niko sekondari ya kata nje kidogo ya Mbeya mjini, na nitaongelea zaidi kidato cha kwanza na cha pili, maana hao ndo wazazi wao bado wana hamu ya kujua kila kitu, mtoto akishafika cha nne mzazi anauliza matokeo tu.

Taarifa ya shule ina pande mbili, yaliyofanyika na yanayokuja, na wengi wetu tunaziandika kama vile hazijuani. Juu tunasifia michezo na ugeni wa afisa elimu, chini tunaomba mchango. Mzazi anaruka juu, anasoma chini, ananuna. Sasa we fanya hivi: kila unachomwomba mzazi mwezi huu kiwe na ndugu yake kwenye yaliyofanyika. Unaomba mahindi ya chakula cha mchana? Basi mwambie kwanza mahindi ya muhula uliopita yaliingia magunia mangapi, maharage debe ngapi, yameliwa mpaka lini, stoo kumebaki nini. Yaliyofanyika ndo risiti ya yanayokuja. Mzazi wa huku si mbishi kutoa, ila hapendi kutoa gizani, na ukimpa hesabu mara mbili tatu mfululizo utashangaa hata wale wabishi wa kikaoni wanaleta bila kupigiwa simu.

Na hapo kwenye michango uwe makini na maneno jamani. Toka Januari 2016 serikali ilipoanza elimu bila ada mpaka kidato cha nne, mchango si ada na hauandikwi kama ada. Usiandike "kila mzazi LAZIMA alipe kabla ya tarehe fulani la sivyo mtoto asije", mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango, hilo kila mzazi analijua na akiipiga picha karatasi yako ikafika kwa mkurugenzi wa halmashauri utajieleza mwenyewe. Andika kwamba jambo lilikubaliwa kwenye kikao cha wazazi cha tarehe fulani, bodi ikapitisha, kibali kipo, na anayeshindwa aje tuongee. Kama halijapita huko, liondoe kwenye taarifa kabisa, lisubiri.

Kabla hujaandika chochote chora kalenda ya mwaka kwenye daftari, maana mambo ya shule yanajirudia na ukiyajua mapema huandiki kwa kukimbizwa. Januari tunafungua, kidato cha kwanza wanaingia na mashati makubwa. Aprili mosi ni siku ya kupanda miti, kwa hiyo taarifa ya Machi ndo ya kuomba majembe, siyo ya Aprili. Mwezi wa tano wa sita michezo ya UMISSETA, ile ya shule za sekondari, imeshachanganya, huanzia shuleni inapanda mpaka taifa, na 2025 taifa walikuja Iringa hapo jirani, watoto wetu wakaona kwamba kumbe si lazima iwe mbali. Juni ni likizo, na Juni 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Julai tunafungua na baridi lenyewe, ndo wakati wa kukumbusha sweta la shule, na ongeza kabisa kwamba asiye na la shule avae lolote alilonalo mpaka lipatikane (hili ongea na mwalimu wa nidhamu kwanza, mi naamini mtoto anayetetemeka saa 1 asubuhi hajifunzi kitu, ila wapo wasiokubali). Agosti Nane Nane viwanja vya John Mwakangale. Septemba likizo fupi, na mahafali ya kidato cha nne hapo karibu. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba kwenda Novemba ni upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, halafu Desemba tunafunga na mvua zimeshaanza.

Weka na kalenda ya shamba pembeni yake. Sisi wa upande wa Mbeya vijijini, Mbozi, Iringa, Njombe, mahindi yanavunwa kuanzia Juni, Julai. Ukiomba debe la mahindi Agosti unapata, tena mengine yanaletwa kwenye guta bila kuitwa. Ukiomba Februari umechelewa, mahindi mapya bado yako shambani na gunia lililobaki ndani ni la kula, hata mzazi mwenye moyo atakuangalia tu. Kikao vilevile, ukikiitisha Desemba wiki ya kupanda hupati mtu, utakaa na mwenyekiti wa mtaa na wazazi watano. Rungwe na Kyela nyie mvua zenu na mazao yenu mnayajua wenyewe, pangeni huko.

Sasa kuandika kwenyewe. Karatasi moja A4, mbele na nyuma, isizidi hapo. Juu kabisa weka anachotakiwa kufanya mzazi: nini, siku gani, saa ngapi, wapi, aje na nini. Halafu ndo habari za yaliyofanyika, halafu hesabu, halafu jina la mwalimu wa kumuuliza. Salamu za mkuu wa shule zisizidi mistari mitatu, najua hilo ni gumu kumwambia, mwambie nafasi imeisha, ni kweli itakuwa imeisha. Kiswahili cha kawaida, hata kama mtoto anafundishwa Kiingereza darasani. Usiandike "tathmini ya maendeleo ya kitaaluma itafanyika", andika "kidato cha pili watafanya mtihani wa moko". Saa andika kama tunavyoongea, saa 3 asubuhi, ukiandika 9:00 kuna bibi atakuja saa tisa mchana na hatakuwa amekosea.

Habari za yaliyofanyika zinataka watu. "Shule ilishiriki michezo kikamilifu" haina ladha. Sema timu ya netiboli ya wasichana ilifika ngazi ya kata ikatolewa na nani kwa magoli mangapi, sema klabu ya mazingira imepanda miche mingapi nyuma ya maabara na mingapi imeshika mpaka leo, hata kama iliyokufa ni mingi. Iliyokufa iandike tu. Mzazi akiona umeandika na kilichoharibika anaamini na kile ulichosema kimefanikiwa. Ziara nayo isiishie "wanafunzi walifurahi sana". Kama mlienda kuona kimondo cha Mbozi kule Songwe, mwombe mwanafunzi mmoja aandike mistari mitano ya alichoona, kwamba lile dude ni chuma cha kutoka angani na ukiligonga linalia, kama mlienda Isimila kule Iringa aeleze zile nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale, kama ni Kalenga aeleze fuvu la Mkwawa lililorudishwa toka Ujerumani mwaka 1954. Mzazi ambaye hajawahi kufika huko atasoma hadi nukta ya mwisho, na ziara ijayo hatauliza "ya nini hiyo nauli".

Matokeo ya mitihani msibandike majina na nafasi kwa wote. Hii najua wengi tumekulia nayo, wa kwanza mpaka wa 112 ukutani. Lakini hata NECTA, baraza la mitihani wenyewe, toka Januari 2023 waliacha kutangaza kumi bora, sasa we unamtangaza wa mwisho kwenye grupu la WhatsApp la watu 200, ili iweje? Kwenye taarifa weka wastani wa darasa, masomo yaliyopanda, masomo yaliyoshuka (huwa ni hesabu na fizikia, tusijifanye), na ripoti ya mtoto apewe mzazi wake. Picha za watoto pia, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi toka Mei 2023, kwa hiyo ile fomu ya kujiunga Januari ongezeni mstari wa mzazi kuridhia picha ya mtoto itumike kwenye taarifa za shule. Asiyeridhia heshimu, piga picha kwa nyuma au piga miti yenyewe.

Haya, kufikisha. Hapa ndo kazi inapofia, maana wazazi wetu hawako sehemu moja. Kuna wa mjini, Soweto na Forest, wenye simu janja na bando, kuna wa kule juu mlimani wenye kitochi, na kuna wale ambao mtoto kapanga gheto karibu na shule na mzazi yuko kijijini anaonana naye mwisho wa mwezi akija na unga. Taarifa moja iende njia tatu.

Grupu la WhatsApp: tuma kama picha safi au PDF, na chini yake andika kwa mkono yale mambo ya kufanya, maana wengi hawafungui faili, bando linaogopwa. Ruhusu admini tu kuandika siku mbili za kwanza, la sivyo tangazo la kikao litazikwa na "asante mwalimu", "amina", na mtu anayeuza mbolea. Ongeza voisi ya dakika moja kwa ajili ya bibi na babu wanaolea wajukuu, mjukuu atawawekea wasikilize.

SMS kwa wenye kitochi: SMS moja ni herufi 160 ukihesabu na nafasi. Ukiweka kijipicha hata kimoja cha kucheka, nafasi inashuka mpaka herufi 70 na unakatwa kama umetuma mbili au tatu. Tena siyo vijipicha tu, ukikopi kutoka Word ile alama ya juu kwenye ng'ombe au ng'ambo inakuja imepinda, nayo inakula vilevile, kwa hiyo andika moja kwa moja kwenye simu. Mfano:

"Mzazi wa kidato 2: kikao Jumamosi 18/7 saa 3 asubuhi bwaloni. Ajenda: chakula na mitihani ya moko. Ukishindwa tuma mtu mzima wa nyumbani. Mwl wa darasa"

Hiyo inaingia kwenye moja. Ona haina "napenda kuchukua fursa hii".

Karatasi kwa mkono wa mtoto: hapa usimwamini mtoto wa kidato cha kwanza, karatasi itaishia kwenye begi chini ya viazi. Weka kipande cha chini cha kukata, mzazi anasaini, kinarudi, monita anakusanya mpaka Ijumaa. Kisiporudi ujue haijafika, mpigie. Na nakala chache zibandike kwa mwenyekiti wa mtaa, dukani, zisomwe kanisani Jumapili na msikitini Ijumaa. Wa Iringa na Njombe msimu wa ulanzi (ile pombe ya mianzi) msidharau kilabuni, bandikeni hapo nje, kina baba mtawapata wengi kuliko kwenye grupu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili chochote cha nje kivishe nailoni, mvua za huku hazina utani.

Siku ya kutuma mi napendekeza Alhamisi jioni. Jumatatu walimu wenyewe tumechoka, Ijumaa mzazi kawaza gulio, ila Alhamisi karatasi inafika na Jumapili inasomwa kanisani ikiwa bado mpya. Kabla haijatoka mpe mwalimu wa taaluma aangalie tarehe na mwalimu wa stoo aangalie hesabu, mkuu wa shule asaini na kugonga muhuri, ndo upeleke steshenari kutoa kopi. Nakala moja toboa weka kwenye faili la matukio ya shule, wathibiti ubora wakija wataiulizia, na mwakani mwezi kama huo utaifungua hiyohiyo ubadilishe tarehe uendelee.