Mkutano wa Afya Ukifungiwa Wanahabari: La Kufanya Katika Kaunti za Kenya

Kamati ya afya ya bunge la kaunti inajadili kipindupindu, na askari wa mlangoni anakwambia leo wanahabari hawaingii. Usibishane naye, ametumwa tu. Uliza jambo moja: nani ameamua kikao hiki kifungwe?

Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinaagiza bunge la kaunti na kamati zake kuketi hadharani. Umma au chombo cha habari hakiwezi kufungiwa nje ila katika hali isiyo ya kawaida, na ni lazima spika awe ameamua kwamba kuna sababu za haki. Mwenyekiti wa kamati hana mamlaka hayo, wala waziri wa afya wa kaunti. Mara nyingi ukiuliza uamuzi wa spika uko wapi, utakuta haupo, na mlango unafunguka.

Usipofunguka, andika papo hapo, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari: "Kwa mujibu wa Kifungu cha 196(2), naomba nionyeshwe uamuzi wa Spika wa kufunga kikao cha Kamati ya Afya cha leo, pamoja na sababu zake." Tia tarehe, saa na sahihi. Andika nakala mbili, uzipeleke ofisi ya karani wa bunge. Moja wabaki nayo. Nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Bila muhuri, wiki ijayo utaambiwa barua haikufika.

Hapa wengi hukosea: kifungu hicho kinahusu bunge la kaunti, si kila mkutano wa afya. Maafisa wa idara wakiketi na gavana kupanga namna ya kukabili mlipuko, huo ni mkutano wa serikali ya kaunti, na ukitaja 196 utajibiwa kwamba haiwahusu, nao watakuwa sahihi. Kwa mikutano hiyo usipiganie kiti, omba karatasi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza njia.

Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria yenyewe inasema hivyo. Huhitaji kueleza unazitakia nini habari hizo. Kupokea ombi hakulipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Iandikie idara yenyewe, kwa afisa wa kushughulikia habari. Ukiandika "Kwa Serikali ya Kaunti" tu, barua itazunguka meza hadi meza.

Taja kitu kwa jina lake. "Taarifa zote kuhusu kipindupindu" ni ombi la kukataliwa. Omba kumbukumbu za mkutano wa tarehe fulani, orodha ya waliohudhuria, matokeo ya vipimo vya maji kwa kila kisima na tarehe sampuli ilipochukuliwa, na idadi ya wagonjwa kwa wadi. Usiombe majina ya wagonjwa. Hata idadi kwa kijiji ni hatari: kijiji chenye mgonjwa mmoja, jirani zake watamjua kabla hujamaliza kusoma habari redioni. Siri ya mgonjwa ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kufunga mlango, nasi tunaiheshimu. Lakini inatosha kufunga sehemu ile anapotajwa mtu, si mkutano mzima. Mama anayeteka maji kwenye kisima kilichochafuka ana haki ya kujua leo, si baada ya maafisa kukubaliana maneno ya taarifa kwa vyombo vya habari.

Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea mara moja, zisizozidi 14. Habari ikigusa uhai au uhuru wa mtu, jibu litolewe ndani ya saa 48. Watu huandika "ni dharura" wakaishia hapo, kisha wanasubiri siku 21. Eleza uhai unaoguswa: "Wakazi wanaendelea kunywa maji ya kisima hiki, matokeo ya vipimo yataonyesha kama ni salama." Ukiomba mambo mengi, lile la saa 48 liandikie barua yake peke yake, lisicheleweshwe na mengine.

Ukimya nao ni jibu: muda ukipita bila neno, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Toka hapo una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman, ipitie uamuzi huo. Ambatisha ombi lako, nakala yenye muhuri, na jibu ulilopewa kama lipo. Siku hizo 30 ziandike kwenye kalenda siku ileile unayopeleka barua ya kwanza.