Chai ya saa kumi ukiwa Orlando: kula katika nchi za EPCOT na kwenye Harambe ya Disney

Binti yangu alikuwa na miaka saba tulipofika mara ya kwanza Animal Kingdom Lodge, hoteli ya Disney iliyoko nje kidogo ya Orlando, Florida. Alisimama mbele ya mlango wa mkahawa, akalisoma jina kwa kulikata vipande: "Ji-ko." Kisha akanigeukia. "Mama, si jiko ni pale unapopika?" Mhudumu aliyekuwa mlangoni akamwambia ndiyo, ni hapo hapo. Mtoto huyu amezaliwa Atlanta, na hata ukimsemesha Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Siku ile alizunguka ukumbi mzima akitafuta maneno mengine. Akapata Boma, akapata Mara, akapata Uzima. Alipolipata Sanaa alikuja mbio kunivuta mkono.

Tangu hapo nimekuwa nikiwasihi ndugu na marafiki wanaopeleka watoto Disney: msiishie kwenye michezo ya kuzungushwa na foleni za kupiga picha. Tengeni siku mbili za kula. Iko EPCOT, bustani ya Disney ambako nchi zimepangwa kama mitaa, kila moja na vyakula vyake, na iko Harambe, sehemu ya bustani ya Animal Kingdom, ambayo imeandikwa kwa lugha yetu ukutani. Watoto wetu ndio wageni wachache wanaoweza kuisoma.

Anza na hoteli, kabla ya kununua tiketi

Hili wengi hawalijui: mikahawa ya Animal Kingdom Lodge iko hotelini, kwa hiyo huhitaji tiketi ya bustani wala huhitaji kulala pale. Ukiwa na nafasi uliyoweka mezani, mwambie mlinzi wa getini na umwonyeshe kitambulisho, utaegesha gari bila malipo. Kwa familia ya watu watano inayohesabu kila dola, hiyo ndiyo njia nafuu kuliko zote ya kuonja Disney.

Hoteli yenyewe ilifunguliwa mwaka 2001 na imegawanyika pande mbili, Jambo House na Kidani Village. Waelezeni watoto kwamba kidani ni mkufu wa shingoni, na kwamba viwanja vinavyozunguka majengo, ambamo twiga na pundamilia wanatembea, navyo vina majina: Arusha, Uzima, Pembe. Huko Kidani ndiko uliko mkahawa wa Sanaa, na kama una nafasi ya mlo mmoja tu katika safari nzima, ule hapo.

Sababu yangu ni hii. Sanaa hupika chakula cha Kiafrika chenye viungo vya Kihindi. Kwa Mmarekani huo ni mchanganyiko mpya. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja ni chakula cha nyumbani. Agizo maarufu pale ni sinia la mikate. Huletwa nan na mikate mingine ya moto, pamoja na vibakuli vya kuchovya, hadi tisa ukitaka vyote: chatini ya embe, ya ukwaju, ya dania, achari ya kitunguu saumu, achari ya ndimu na pilipili, raita (mtindi) ya tango, jamu ya nyanya na tende. Nilichovya nan kwenye ile ya ukwaju nikanyamaza. Ilikuwa kali na tamu kwa pamoja, ule ukali unaobana taya, kama ya viazi karai vinavyouzwa jioni kando ya barabara kwetu. Mama yangu, aliyekuwa ametutembelea kutoka Mombasa, aliivuta ya ndimu upande wake na hakuirudisha.

Nenda mchana, wala si usiku. Madirisha ya Sanaa yanatazama uwanja wa wanyama, na giza likiingia hutaona kitu. Ukikosa meza, jaribu kukaa sehemu ya baa yao, kwani sinia la mikate hupatikana hapo pia. Na chukua kikoi au sweta: nje jua la Florida linachoma, ndani viyoyozi vinatetemesha.

Boma ni bufee, asubuhi na jioni. Ni pazuri kwa watoto wanaotaka kuonja kidogo kidogo, ingawa vyakula vingi vimeelekea Afrika Kusini kuliko kwetu, kwa mfano bobotie, nyama ya kusaga iliyookwa na yai juu. Waislamu watahadhari na zile keki ndogo zenye mistari ya pundamilia ambazo kila mtu anazisifia. Mapishi yake yanayojulikana yana Amarula, ambayo ni pombe. Ulizeni kabla mtoto hajajaza sahani. Jiko ni mkahawa wa bei ya juu unaojivunia mvinyo wa Afrika Kusini. Kwa wenzi wanaosherehekea unafaa, kwa familia yenye watoto wadogo mimi singeuchagua.

Nchi 11 kuzunguka ziwa

EPCOT ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982. Nusu yake ya nyuma ina mabanda ya nchi 11 yaliyopangwa kuzunguka ziwa: Mexico, Norway, China, Ujerumani, Italia, Marekani, Japani, Morocco, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Mzunguko mzima ni kama kilomita mbili. Kwa kawaida upande huo hufunguliwa saa tano asubuhi, hivyo hakuna haja ya kuwaamsha watoto alfajiri kwa ajili yake.

Afrika ina nchi moja tu hapo, nayo ni Morocco. Wakati EPCOT inafunguliwa lilitangazwa banda la Afrika ya Ikweta, lakini halikujengwa. Kilichobaki ni kibanda cha vinywaji na bidhaa kati ya China na Ujerumani. Mimi hupita hapo na kuwaambia wanangu ukweli huo, kwa sababu wanastahili kuujua.

Watu huuliza kama chakula cha mabanda haya ni cha kweli. Jibu langu ni kwamba utazame mikono inayokihudumia. Disney ina mpango wa kuleta vijana kutoka nchi husika, na wanaingia Marekani kwa viza ya Q-1, ambayo ukomo wake ni miezi 15. Kitambulisho cha kifuani huandikwa jina na mahali mtu anapotoka. Soma, kisha umuulize: kwenu hiki mnakila vipi, asubuhi au jioni, na nini? Nimepata maelezo matamu kuliko menyu yoyote kwa swali hilo moja. Na kwenye Harambe au Animal Kingdom Lodge ukikutana na kijana wa Kiafrika, msabahi. Yuko mbali na kwao kama wewe.

Banda la Morocco lilifunguliwa mwaka 1984, na Mfalme Hassan II alituma mafundi wake mwenyewe kuja kupanga vigae. Simama karibu na ukuta mmojawapo utazame jinsi vipande vidogo vilivyokatwa kwa mkono vinavyokutana. Mnara unaouona ni mfano wa ule wa msikiti wa Koutoubia wa Marrakesh. Mikahawa ya banda hili imebadilika sana tangu 2020, kwa hiyo angalia menyu za siku hiyo kwenye programu ya simu ya Disney. Ukiona chai ya nanaa, agiza. Ni majani mabichi ya nanaa, chai ya kijani na sukari ya kutosha, na desturi yake ni kumiminwa kutoka juu hadi ifanye povu.

Saa kumi imefika

Sisi na Waingereza tunaikuta chai saa ile ile. Kwao inasimuliwa kwamba desturi ilianza miaka ya 1840 na Anna, mke wa kabaila mwenye cheo cha Duke wa Bedford, aliyekuwa akizidiwa na njaa kati ya chakula cha mchana na cha usiku, akaagiza chai, mkate na siagi chumbani. Kwetu mtoto akirudi shule anakuta birika mekoni. Tofauti iko kwenye maziwa. Wao huleta chai kavu, na maziwa kando. Sisi huchemsha vyote pamoja, na tangawizi au iliki. Ukienda kwenye chai kamili ya Kiingereza, iwe Florida au London, utaletewa sinia la ngazi: sandwichi ndogo chini, skonzi zenye krimu na jamu katikati, keki juu, na mtu huanza chini akipanda. Ile wanayoiita "high tea", ingawa jina linasikika la kifahari, ilikuwa asili yake ni mlo wa jioni wa wafanyakazi, wenye nyama na vyakula vizito. Hoteli nyingi huchanganya majina hayo mawili, basi soma menyu badala ya kuamini jina.

Banda la Uingereza pale EPCOT lina mkahawa na baa ya Rose & Crown, na duka la chai liitwalo Tea Caddy linalouza chai ya Twinings, kampuni ya Kiingereza. Ingieni humo na watoto, mshike makopo. Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na leo majani ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi hupigiwa mnada Mombasa kisha huingia kwenye michanganyiko ya makampuni makubwa ya Uingereza. Mama yangu alisimama na kopo mkononi muda mrefu. Babangu alikuwa mchukuzi wa magunia ya chai bandarini Kilindini.

Sasa, badala ya kulipia sinia la ngazi, mimi hutengeneza letu kwa kutembea. Bustani za Disney zinaruhusu kuingia na chakula chako na vinywaji visivyo vya kilevi. Zinachokataza ni vyombo vya kioo. Hapa ndipo penye kosa: chupa zetu nyingi za chai, zile zenye maua, ndani zina kioo, na mkaguzi wa mlangoni ana haki ya kuikataa. Nunua ya chuma. Chemsha chai ya maziwa asubuhi, itie tangawizi, funga vizuri. Saa kumi itakuwa bado ya moto.

Kitafunio kinapatikana Norway, kwenye duka la mikate la Kringla. Omba kile wanachokiita "school bread". Ni andazi la duara, katikati lina kastadi, juu limenyunyizwa nazi. Litie kinywani polepole, kwani unga wake una iliki. Wanorway hutia iliki kwenye mikate yao kama sisi tunavyotia kwenye mahamri, na ukichanganya na ile nazi, ladha yake inatambulika mara moja. Mama alitafuna, akafunga macho, akasema, "Nani aliwafundisha hawa?" Ongeza keki kutoka duka la mikate la Ufaransa, Les Halles, mkae kwenye benchi kando ya maji. Hiyo ni chai ya mchana kamili, na hamjavunja benki.

Mambo ya kushika kabla ya safari

Meza huwekwa hadi siku 60 kabla, kupitia programu ya simu au tovuti. Sanaa na mikahawa ya Japani na Ufaransa hujaa mapema. Usipotokea bila kughairi utatozwa kwa kila kichwa, basi ukiona mtoto ameugua, ghairi mapema. Bei za menyu hazina kodi: ongeza asilimia 6.5, kisha bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Mkiwa sita au zaidi, asilimia 18 huwekwa moja kwa moja kwenye bili, kwa hiyo isome kabla hujaongeza tena.

Kuhusu halali, andika ombi lako unapoweka nafasi, na ukifika mwambie mhudumu akuitie mpishi. Huja mezani, na huwa na subira. Muulize mambo mawili ambayo menyu haiyasemi: kama mchuzi umetiwa mvinyo, hasa Ufaransa na Italia, na kama unga unaopakwa samaki wa kukaanga wa Uingereza umekorogwa kwa bia.

Na mkiwa na wazee waliotoka nyumbani, andikeni saa kwa namna zote mbili. Mimi nilimwandikia mama "4:00", akajiandaa saa nne asubuhi, akakaa sebuleni na buibui lake tayari kwa saa sita nzima. Sasa huandika: saa kumi jioni, 4:00 PM.

Harambe

Siku ya pili nendeni Animal Kingdom yenyewe, iliyofunguliwa Aprili 1998. Sehemu ya Afrika ni mji wa kubuni uitwao Harambe, na wabunifu wake waliuiga Lamu baada ya kusafiri Afrika Mashariki. Kuta zimepakwa chokaa na kuchakazwa kwa makusudi, na "Uhuru 1961" imeandikwa kana kwamba mji ulipata uhuru mwaka huo. Kuna kibanda cha Tamu Tamu, mkahawa wa kahawa wa Kusafiri, duka la Mombasa Marketplace. Dawa Bar ni ya pombe, mtoto asije akadhani ni famasi. Chakula cha Harambe Market ni cha kawaida, mishikaki na mbavu zilizokolezwa kwa ladha ya Kimarekani. Kula ukiwa na njaa, usitarajie Forodhani.

Tulikaa kwenye kivuli, na binti yangu akafungua ramani ya karatasi. Bibi yake akamwambia kwamba neno "Harambe" linakosa herufi, akamsimulia jinsi watu kijijini walivyochanga shilingi shilingi mpaka shule ikapata paa, wakivuta kwa pamoja na kuitikia "harambee!" Mtoto akaomba kalamu. Kwenye ramani ile, ambayo bado iko kwenye jokofu letu Atlanta, kuna "e" ya pili imebanwa pembeni kwa wino wa buluu.