Ditekta ya dhahabu ardhi ikiwa imelowa: namna ya kuirekebisha hatua kwa hatua

Huku Chunya mvua huanza Novemba na kukata Aprili. Miezi hiyo simu yangu haipumziki: "Kaka, mashine imeharibika, inalia kila mahali." Nikimfuata huyo mtu shambani nakuta mashine nzima kabisa. Kilichobadilika ni ardhi, naye ameiacha mashine kwenye mipangilio ya Septemba.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaotembeza ditekta kwenye udongo mwekundu wa Lupa, Makongolosi na Matundasi, na kwingine kokote kwenye udongo wa namna hiyo. Mimi natumia mashine mbili. Moja ni GPX 5000, inayotuma umeme kwa mipigo, tunayoiita mashine ya palsi. Nyingine ni Gold Monster 1000, inayotuma mawimbi mfululizo ya kilohezi 45. Zikitofautiana nitasema.

Kwanza tuelewane kuhusu maji. Mvua yenyewe haina shida na ditekta. Shida huanza maji yakishaingia udongoni na kuyeyusha chumvi zilizomo, kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme, na chochote kinachopitisha umeme huijibu koili, ile sahani ya mashine unayoipitisha juu ya ardhi. Kiangazi ulikuwa unapambana na kitu kimoja, madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo mwekundu. Masika yanaongeza cha pili. Tena unyevu haukai sawa: chini ya mti pakavu, hatua tatu mbele bwawa, kwenye kichuguu kwingine tena.

Sasa hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Punje ndogo ya dhahabu ikishtuliwa na koili, jibu lake huzimika upesi sana. Jibu la maji ya chumvi nalo huzimika upesi. Kwa hiyo mpangilio ulio hodari kunasa punje ndogo ndio huohuo utakaolia zaidi kwenye tope. Ukiushika huu ukweli, marekebisho yote yanayofuata utayaelewa bila kukariri.

Hatua ya 1: Kagua koili na waya kabla ya kutoka

Vua kava ya koili, ile sahani ya plastiki ya chini, uioshe. Niliwahi kuhangaika siku tatu na mashine iliyokuwa inatoa mlio kila nikigeuza mkono. Nilibadilisha betri, nikabadilisha hedifoni, nikataka kuiuza. Siku ya tatu nikavua kava: ndani kulikuwa na tabaka la mchanga mweusi uliolowa, nene kama sarafu, unacheza huku na huku kila koili inapopita. Mchanga ule mweusi una chuma cha sumaku, na mashine ilikuwa inausikia kwa karibu kuliko kitu chochote ardhini. Siku hizi natumia utepe wa umeme kuziba ukingo wa kava, na bado naivua kila jioni.

Waya uzungushe kwenye fimbo ubane usicheze. Pale unapoingia kwenye kisanduku chenye mitambo ya mashine pawe pakavu, maana tone moja la maji kwenye vipini vya plagi linatosha kuleta mikwaruzo masikioni. Koili za mashine hizi zinavumilia maji, lakini kisanduku na hedifoni havizamishwi. Kisanduku kivishe mfuko wa plastiki wenye nafasi, usiubane kama kifurushi, ili mvuke utoke.

Na viatu. Masika tunavaa gambuti, na nyingine zina chuma kwenye vidole. Pitisha koili juu ya mguu wako mwenyewe kabla hujaanza kulaumu ardhi.

Hatua ya 2: Sikiliza radi

Radi hata ikiwa mbali huingia kwenye mashine kama mipasuko mifupi isiyo na mpangilio. Ukiisikia, inua kichwa utazame mbingu. Hesabu kuanzia mwanga hadi ngurumo: ikiwa chini ya sekunde 30, ondoka uwandani, usijikinge chini ya mti, ingia kwenye nyumba au gari lililofungwa. Rudi dakika 30 zikipita tangu ngurumo ya mwisho. Hakuna punje inayokimbia.

Hatua ya 3: Ondoa kelele za hewani

Simama mahali unapotaka kufanyia kazi, simu izime au iache mbali, kisha uiruhusu mashine itafute masafa tulivu. Kwenye GPX ni kazi ya chini ya dakika moja, koili ikiwa imetulia. Usiiruke hatua hii, kwa sababu ukiiruka hutajua baadaye kama kelele inatoka juu au inatoka chini. Namna ya kujua ni rahisi: inua koili hadi kiunoni. Mlio ukiendelea, tatizo liko hewani au kwenye waya. Ukinyamaza, ni ardhi.

Hatua ya 4: Sawazisha mashine na ardhi unayoikanyaga

Tafuta kipande kisicho na chuma, chenye unyevu wa wastani, siyo dimbwi wala pakavu. Kwenye GPX bonyeza kitufe cha mkononi, pandisha na kushusha koili polepole kutoka karibu na ardhi hadi urefu wa goti, mpaka muungurumo wa chini, ule mwembamba unaosikika muda wote, ubaki vilevile koili ikipanda na ikishuka. Gold Monster inajisawazisha yenyewe, lakini ipe muda: ukihamia ardhi tofauti, tembeza koili mara kadhaa kabla ya kuamini unachosikia.

Kiangazi nasawazisha mara chache kwa siku. Masika narudia kila nikivuka kutoka kichakani kuingia kwenye mkondo, na tena jua likitoka na kuanza kukausha juu. Kwenye matanuru ya zamani ya mkaa narudia papo hapo, kwa kuwa udongo ulioungua huwa na sumaku zaidi, na majivu yakilowa yanapitisha umeme. Mahali kama hapo unaweza kusikia "dhahabu" nusu siku nzima.

Hatua ya 5: Punguza usikivu mpaka muungurumo utulie

Wengi wanakosea hapa, na najua kwa nini. Mashine imenunuliwa kwa pesa nyingi, kuipunguzia nguvu mtu anaona kama hasara. Lakini sikio lako haliwezi kutofautisha mnong'ono wa punje ndani ya makelele. Shusha usikivu hatua moja, tembeza, sikiliza. Shusha tena. Acha pale muungurumo unapokuwa mwembamba na ulionyooka kama uzi. Utapoteza sentimita kadhaa za kina, na utapata punje ambazo jana ulizipita ukidhani ni kelele.

Kwenye Gold Monster mimi huanza na usikivu wa kujiendesha. Nikiona bado inayumba, naweka kwa mkono na kushuka namba moja moja. Kwenye GPX kuna njia ya pili: badili mpangilio wa ardhi uwe ule uliotengenezwa kwa ardhi ya chumvi. Utapata utulivu, ila punje ndogo nyingi hutazisikia. Mimi nauweka huo kwenye mbuga za udongo mweusi tu, ambako bila hivyo kazi haifanyiki. Koili ndogo inasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inaitazama ardhi kidogo kwa wakati mmoja.

Hatua ya 6: Tembeza kwa kufuata ukingo wa maji

Koili ikitoka pakavu kuingia palipolowa italia, hata kama hakuna chochote. Basi usiivuke mipaka hiyo ya pakavu na palipolowa. Kwenye korongo, fagia sambamba na ukingo wa maji, ukimaliza mstari mmoja ndipo uingie wa pili. Polepole, na koili iwe kwenye urefu uleule. Nyasi zilizolowa zinapiga koili na kuileta juu, kwa hiyo fyeka kwanza.

Kuna maneno kwamba mvua inaipandisha dhahabu juu. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, wakati jiwe jeupe la kwatsi halifiki hata mara tatu, haipandi. Mvua inaubeba udongo mwepesi na kuiacha dhahabu nyuma, na ndiyo sababu korongo ulilolimaliza mwaka jana linastahili kupitiwa upya. Misumari nayo itakusumbua zaidi sasa, maana kutu yake imesambaa kwenye udongo unaoizunguka na inaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Angalia unapokanyaga. Maduara ya zamani, yaani mashimo ya wachimbaji, yakijaa maji yanafanana na madimbwi ya kawaida. Nina fimbo ya mti ya kupimia mbele yangu, na siingii kwenye duara lolote masika, kuta zake hazina nguvu. Na uwe na maelewano na mwenye leseni ya eneo kabla hujaanza, siyo baada ya kupata.

Hatua ya 7: Thibitisha mlio, kisha uutoe kwenye tope

Januari iliyopita nilipata mlio laini kwenye ukuta wa korongo. Nikauvuka kutoka upande wa pili, bado upo, mwembamba, una mwanzo na mwisho. Mlio wa tope huwa mpana, hauna kingo, na ukiinua koili kidogo unapotea. Huu haukupotea. Nikakwangua kama sentimita tano za juu, nikapitisha tena: umepanda. Hapo nikachimba, sululu nikaiweka nyuma yangu mbali na koili.

Udongo uliolowa hautawanyiki, unatoka kama donge. Nikaligawa donge mara mbili kwa mikono, kila nusu nikaipitisha kwa zamu juu ya koili iliyolala chini. Yenye mlio nikaigawa tena, na tena, hadi nikabaki na kitonge cha ukubwa wa harage. Usikipasue kwa haraka ukiwa umesimama kwenye maji, ukikidondosha umepoteza. Nilikitia kwenye karai lenye maji kidogo na kukisugua kwa kidole gumba. Ukatoka kwanza udongo mwekundu, kisha mchanga mweusi, kisha kitu kinachokwaruza chini ya ukucha: punje ya gramu 0.4, umbo la mchele.

Funika shimo lako. Masika shimo dogo linageuka korongo ndani ya wiki, na ng'ombe wa watu wanavunjika miguu.

Hatua ya 8: Kausha

Jioni toa betri, chomoa koili na hedifoni, futa plagi kwa kitambaa kikavu, ziache wazi ndani ya chumba chenye hewa, mbali na moto na mbali na jua kali. Usiirudishe kwenye begi ikiwa na unyevu. Na kama maji yameingia kwenye kisanduku, usiwashe "kujaribu tu". Toa betri pale pale korongoni, ifike kwa fundi ikiwa imezimwa.