Vespa imelegea ghafla njiani? Anza hivi kabla hujagusa silinda

Ami yangu ana Vespa PX150 ambayo ameipanda tangu alipokuwa akisomesha skuli, na sasa amestaafu bado anakwenda nayo Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, kuchukua samaki. Mwezi uliopita alinipigia simu yuko Dunga, kikapu kimejaa samaki aina ya changu, chombo kinakokota. "Mwanangu, hii imechoka tu ghafla. Nikizidi kuvuta gesi ndiyo kwanza inalegea." Akakaa chini ya mwembe kama dakika 10, akapiga kiki, ikawaka mara moja na kwenda vizuri kabisa. Kilomita mbili tatu mbele ikalegea tena. Mpaka anafika Mwanakwerekwe kasimama mara nne, na kila aliposimama alitokea mtu wa kumwambia, "Hizo ringi, mzee, fungua."

Ringi za pistoni zilizokwisha hazipati nafuu kwa kukaa chini ya mwembe. Chombo kinachopona kikipumzika kinakueleza jambo, na nusu ya kazi ni kulisikiliza hilo kabla ya kutoa spana.

Haya niliyoandika ni ya PX, zile zilizoanza kutoka 1977. Super, Sprint na LML za India hazipishani sana, na mpangilio wa kutafuta ni uleule kwa pikipiki yoyote ya zamani ya tustroki, yaani ya mipigo miwili, inayochoma oili pamoja na petroli.

Kabla ya yote: kama nguvu inapotea kama vile mtu ameushika mkia wa chombo, na gurudumu la nyuma linataka kukaza, bana klachi sasa hivi. Usisubiri kujua sababu. Hiyo ni pistoni inayotaka kushika kwenye silinda kwa joto au kwa kukosa oili. Wacha ipoe kabisa, halafu ukague mchanganyiko wako. PX inataka asilimia 2, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Zile zenye tanki lao la oili na pampu, angalia kioo cha oili, na usiwaamini wanaokwambia "nimejaza juzi".

Hatua ya 1: Imelegea vipi?

Injini inapiga kelele, sauti inapanda, lakini chombo hakiendi: hiyo ni klachi, na mwongozo huu si wako. Rekebisha waya kwanza.

Inakatakata, inarudi, inapiga risasi kwenye ekzosi: nenda hatua ya umeme.

Imekuwa nzito tangu asubuhi, haina sauti kali, imezibwa kama mtu mwenye mafua, na kupumzika hakuisaidii: nenda moja kwa moja kwenye ekzosi.

Inakwenda vizuri, inalegea polepole kwa muda wa kama nusu dakika, ukisimama inapona: hiyo ni mafuta kwa asilimia kubwa, na mara chache ni umeme unaochoka kwa joto. Kuzitenganisha hizi mbili kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kifaa. Inapoanza kulegea, ukiwa bado unakwenda na barabara ni tupu, vuta choki, ule wenzo wa kuzidisha petroli wakati wa kuwasha injini baridi. Nguvu zikirudi hata kwa sekunde chache, injini ilikuwa na kiu ya petroli. Ikizidi kuzama au isibadilike, weka mafuta pembeni na ufikirie umeme. Ami nilimpa kipimo hiki kwa simu. Alivuta, chombo kikaruka mbele, samaki wawili wakatoka kwenye kikapu.

Hatua ya 2: Plagi

Izime inapolegea, hapohapo, klachi imebanwa, usiiache inguruma pembeni ya njia. Toa plagi. Nyeupe kama chokaa maana yake petroli kidogo au hewa nyingi. Nyeusi na mbichi, petroli nyingi au oili. Rangi ya kahawia, plagi haina kesi. Weka mpya hata hivyo, B6HS au B7HS, mwanya 0.6 mm. Plagi moja ya akiba chini ya siti ni bei ndogo kuliko daladala ya kurudi mjini.

Hatua ya 3: Mafuta

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima, kwa hiyo nivumilie.

Anza na vya bure. Koki ya petroli iko wazi kweli? Wenzo wa koki ukilegea, mtikisiko wa barabara huurudisha nusu. Halafu kifuniko cha tanki: kina tundu dogo la kuingiza hewa, na likizibwa na vumbi na mafuta, petroli inaposhuka tanki linavuta pumzi mpaka linakataa kutoa zaidi. Chombo kikilegea, fungua kifuniko. Ukisikia "fyuu", umemaliza, kisafishe kwa mswaki. Kwa ami hakukuwa na "fyuu".

Kisha kabureta. Fungua kifuniko cha boksi lake, toa filta ya hewa, na KABLA ya kufanya lolote jingine weka kitambaa safi kwenye mdomo wa kabureta. Skrubu ikidondoka mle, haina njia nyingine ila ndani ya injini, na hapo utakuwa umeshusha injini kwa ajili ya skrubu. Pale mpira wa petroli unapoingia kuna kichujio kidogo cha wavu, hakizidi ukucha. Kitoe. Tanki zetu huku pwani zinakula kutu kwa chumvi, na kutu ya tanki hukaa pale kama unga wa matofali. Angalia na maji: petroli ya kununua kwa chupa njiani mara nyingine inakuja na maji yake, nayo hukaa chini kama shanga ya kioo. Jeti, kile kijitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta, ipulizie kwa pampu ya baiskeli. Sitaki kuona waya ndani ya jeti. Kila waya unaopita unaongeza tundu kidogo, na baada ya miaka unapanda kabureta ambayo hakuna anayeijua tena.

Vyote hivyo nilifanya. Nikabadilisha na mpira wa petroli kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umepasuka. Nikaweka mpya, mrefu wa kutosha, nikaufunga vizuri, nikajisifu. Nikanyanyua tanki, nikaushika mpira mkononi, nikafungua koki: petroli inashuka kama bomba la msikiti. Nikafunga siti, nikaenda mpaka Tunguu. Ikalegea Tunguu.

Nikarudi kusafisha kabureta upya. Nikapima tena, tanki limenyanyuliwa, petroli inamwagika vizuri. Nikafunga, nikaenda, ikalegea. Nikabadilisha plagi. Nikaazima kabureta ya jirani. Saa kumi jioni nilikuwa nimeshaanza kuzitazama nati za silinda.

Umeona kosa? Kila nilipopima, tanki lilikuwa juu, na tanki likiwa juu mpira unanyooka. Likishuka mahali pake, mpira mrefu hauna pa kwenda. Unajikunja, unapanda juu kidogo kabla ya kushuka kwenye kabureta, unafanya nundu. PX haina pampu ya petroli, mafuta yanashuka kwa uzito wake tu kutoka kwenye tanki chini ya siti. Hewa ikiingia kwenye ile nundu inakaa pale, na petroli inapita kwa kuchungulia. Ukienda polepole mjini hainyimi, kwa sababu injini inataka kidogo. Ukifungua gesi kuelekea Chwaka, bakuli la kabureta linakwisha haraka kuliko linavyojazwa. Ukisimama chini ya mwembe, linajaa tena, unadhani chombo kimepona.

Na kwa nini mafundi tunaacha mpira mrefu? Kwa sababu mfupi unatesa kuufunga. Lazima unyanyue tanki, uingize mkono chini, ubane klipu kwenye koki huku huoni kitu. Mpira mrefu unakupa nafasi. Hiyo nafasi ndiyo nundu.

Kwa hiyo pima hivi. Tanki likae mahali pake, limefungwa, kama unavyopanda. Toa mpira upande wa kabureta pamoja na kile kishikio chake chenye wavu, uelekeze kwenye chupa ya nusu lita, kifuniko cha tanki kimefungwa. Fungua koki na utazame saa. PX inayokwenda kilomita 30 kwa lita, kwa mwendo wa 60, inakunywa lita moja kwa nusu saa, yaani kama mililita 33 kwa dakika, na ukifungua gesi yote inataka zaidi ya hapo. Mimi sikubali chini ya nusu lita kwa dakika 3. Usipime sekunde 10 ukaridhika, acha ijae mpaka mwisho, kwa sababu kifuniko kilichoziba na nundu ya hewa vyote vinaanza vizuri na kuchoka baadaye. Ikichoka, fungua kifuniko cha tanki. Ikirudi, kosa ni kifuniko. Isiporudi, kosa ni mpira, koki, au kutu juu ya koki.

Dawa ya mpira: ukate kidogokidogo, sentimita moja kila mara, mpaka tanki likishuka mpira unateremka wote bila kupanda popote, lakini bado unaweza kunyanyua tanki kiasi cha kuuingiza. Ukikata sana, nunua mwingine. Ninapendelea mpira mweusi wa petroli wenye nyuzi, tundu la 7 mm. Ile mipira ya plastiki inayoonyesha ndani ni mizuri siku ya kwanza, ukipata joto la injini unalainika na kujikunja pembe. Na tafadhali usiweke filta ya duka katikati ya mpira. Hakuna nafasi mle, filta yenyewe inatengeneza nundu nyingine, na wavu wa kabureta unatosha tanki likiwa safi.

Kwa ami nilikata sentimita nne, tu. Kikapu cha samaki kinakuja kila Jumapili.

Hatua ya 4: Umeme

Kama choki haikusaidia, jua una PX ya namna gani. Za mwanzo zina pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi irushe cheche) na kondensa yake, nyuma ya sumaku, lile gurudumu linalozunguka pamoja na injini. Tazama kwenye tundu la sumaku, zungusha mpaka pointi zifunguke, mwanya uwe kama 0.4 mm. Zikiwa zimeungua na zinarusha cheche kubwa unapoiwasha gizani, kondensa imekwisha, na kondensa mbovu ikipata joto ndiyo inayoua nguvu. Haipimwi kwa macho, inabadilishwa tu.

Za elektroniki hazina pointi. Angalia nyaya tatu zinazotoka kwenye injini kwenda kwenye boksi la umeme: nyekundu, nyeupe na kijani. Ngozi ya nyaya hizi huchomwa na joto na oili mpaka inavunjika kama biskuti, halafu zinagusana kwa mtikisiko. Zikunje kidogo kwa kidole. Ukisikia "krak", umepata. Usizifunge kwa solotepu. Badilisha.

Hatua ya 5: Ekzosi

Legeza klempu ya juu na bolti kubwa ya chini, iachie kidogo, na uende mita 50 na kelele zako. Nguvu zikirudi, masizi yamejaa ndani. Badilisha ukiweza, au ichome kwa moto wa makuti nje ya nyumba, ikipoa uigonge. Chombo kilichokaa wiki nyingi bila kupandwa, chungulia kwanza tundu la nyuma: dondora wa udongo hawaombi ruhusa.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo injini

Mwaga oili ya gia ukiipima. Inatakiwa kuwa kama mililita 250. Ikitoka pungufu na chombo kilikuwa kinatoa moshi mweupe mzito, sili (ule mpira wa kuzuia uvujaji) ya upande wa klachi imekwisha na injini inaivuta oili hiyo. Ikitoka nyingi kuliko uliyoweka na inanuka petroli, sili ni ileile, imepitisha kinyume. Sili ya upande wa sumaku ikikwisha huingiza hewa: plagi nyeupe, na injini inabaki juu ukiachia gesi. Unyunyize petroli kidogo kutafuta hewa inapoingilia? Hapana, usinyunyize petroli kwenye injini inayounguruma, hata kama umemwona mtu akifanya. Toa sumaku utazame: sili inayovuja huacha ulowevu na vumbi lililoganda kuizunguka.

Oili ya gia ikiwa sawa na sili ya sumaku kavu, basi fungua kichwa cha silinda, na uwe na gasketi mpya ya chini ya silinda mkononi kabla hujalegeza nati ya kwanza.